"Hiyo ni Fizikia ya Mpemba"

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Likizo ya Juni alikuja kukaa kwetu wiki mbili, na kila usiku baada ya chakula alikuwa anatandaza madaftari mezani, anachomoa kalamu yake ya njano na kuanza kupaka mistari. Anajituma, hilo sina ubishi nalo. Usiku wa tatu nikamuuliza anabukua nini. "Fizikia, mjomba. Joto." Umeisoma mara ngapi? "Hii ya nne." Ukurasa ulikuwa umeshageuka wa njano kutoka juu mpaka chini, kiasi kwamba mistari ambayo haikupakwa ndiyo iliyokuwa inavuta macho.

Nikamwomba afunge daftari anieleze joto linasafiri vipi. Akafunga, akatazama dari, akataja neno moja la Kiingereza, akalirudia, akakwama. Kisha akasema: "Mjomba, naijua kabisa, ila kuitoa ndiyo inagoma."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana hata mimi nilimaliza shule nikiwa na vitu vingi vya namna hiyo, ninavyovijua kabisa na havitoki. Unasoma ukurasa, kila sentensi unaielewa. Ukirudia mara ya pili unajiambia "hii ninayo". Mara ya nne macho yanateleza tu. Kinachokuwa kimejengeka hapo ni mazoea, kama unavyomzoea mtu unayepishana naye kila asubuhi kituo cha daladala. Ukimwona unamtambua haraka sana. Ukiulizwa anaitwa nani na anafanya kazi wapi, huna la kusema. Na mtihani hauulizi kama unamtambua.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa njia rahisi ambayo hata mwalimu wa kijijini anaweza kuirudia. Wanafunzi walipewa kifungu kifupi cha habari. Wengine walikisoma, kisha wakakisoma tena. Wengine walikisoma mara moja, wakanyang'anywa karatasi, wakaambiwa waandike kila wanachokikumbuka, bila kusahihishwa wala kuonyeshwa majibu. Kisha wakapewa mtihani wa mwisho, baadhi baada ya dakika 5, baadhi baada ya siku 2, baadhi baada ya wiki nzima.

Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walishinda: asilimia 81 kwa 75. Baada ya siku 2 mambo yakageuka. Waliosoma mara mbili walibaki na asilimia 54, waliojitahini walikuwa na 68. Baada ya wiki ikawa 42 kwa 56.

Watu wengi wakisimuliwa utafiti huu hukimbilia hizo namba za mwisho. Mimi inanishughulisha ile ya kwanza. Maana yake ni kwamba njia mbovu, kwa muda mfupi, inakupa matokeo mazuri kuliko njia nzuri. Mpwa wangu anaposoma saa nne usiku na kujipima saa nne na dakika tano, anajiona yuko vizuri, na kweli yuko vizuri, kwa dakika hizo. Anakwenda kulala na moyo mweupe. Hakuna mtu wa kumshtua, kwa sababu bili inakuja wiki ijayo, na ikija haisemi imetokana na nini. Anachokiona yeye ni maksi 38. Anahitimisha kwamba fizikia si ya watu kama yeye.

Kabla sijafika huko, niseme neno kuhusu kukariri, maana najua barua zitakazokuja. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka kuna mtu atasimama na kusema elimu yetu ni ya kukariri. Sikubaliani naye. Nenda madrasa yoyote, iwe Tanga, Unguja au Mombasa, utazame mtoto anavyohifadhi. Hasomi sura mara ishirini akaondoka zake. Anaisoma, anaufunika msahafu, anakwenda kukaa mbele ya ustadhi na kuitoa kichwani. Akiteleza kwenye irabu moja anasimamishwa palepale. Kesho yake, kabla ya kupewa aya mpya, anaombwa ya jana, na ya juzi, na siku nyingine anashtukiziwa sura aliyoimaliza mwezi uliopita. Kudurusu, tunaita. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifungia na orodha za silabi zisizo na maana, akajipima mwenyewe jinsi anavyosahau, na mwaka 1885 akachapisha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea katika saa za mwanzo tu, na kwamba marudio yaliyosambazwa siku kadhaa yana nguvu kuliko yaliyolundikwa siku moja. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Maustadhi wa pwani hawakuwa wakimsubiri.

Kwa hiyo mtoto yuleyule, asubuhi shuleni anapaka njano daftari la fizikia, jioni madrasani anafunika kitabu na kutoa. Cha madrasani anacho mpaka anazeeka. Cha shuleni kinaondoka na likizo. Ukiniuliza mimi, tatizo letu si kwamba shuleni tunakariri mno. Hata kukariri kwenyewe hatukukariri. Tunatazama.

Twisheni nazo zina mtego wake. Mwalimu anaandika ubaoni swali la aina moja, analifanya, kisha anatoa mengine kumi na tano yanayofanana nalo kama mapacha. Darasa zima linapata. Watoto wanatoka wanasema "yule mwalimu anafundisha bwana, unaelewa palepale". Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor wa Chuo Kikuu cha South Florida waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya mazoezi umbo kwa umbo, la pili lilipewa maswali yaleyale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata asilimia 89, la pili 60. Wiki moja baadaye likaja jaribio. Wale wa 89 walipata asilimia 20. Wale wa 60 walipata 63.

Soma tena hizo namba, taratibu. Mwalimu ambaye wanafunzi wake wanakosea kosea kwenye zoezi ndiye aliyekuwa anafundisha. Lakini mtaani kwetu, ni yupi kati ya wawili hao ambaye wazazi watampelekea watoto? Ni yupi atakayejaza banda lake la mabati pale nyuma ya soko?

Inaonekana basi kwamba kujifunza kunakofanya kazi kuna ladha mbaya. Kunakufanya ujione mjinga kwa muda. Unafunga daftari na karatasi iko tupu mbele yako, unaandika mistari mitatu, miwili haipo sawa. Hakuna anayependa hisia hiyo, na mtoto aliyelelewa kwenye darasa ambalo kukosea ni kichekesho ataikimbia kuliko wote. Kalamu ya njano haimcheki.

Habari ya Erasto Mpemba naijua tangu zamani, lakini usiku ule ndipo nilipoiona inahusu nini. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu, kama mpwa wangu, shule ya sekondari Magamba, kule Lushoto milimani. Wavulana walikuwa wanajitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Friji lenyewe nafasi chache, na wagombea wengi. Siku moja mwenzake mmoja akaamua kuruka hatua: akachanganya maziwa na sukari bila kuchemsha, akawahi trei. Mpemba, akiona trei ya mwisho inakwenda, naye akaruka hatua yake. Akamimina maziwa ya moto vilevile yalivyo. Saa moja na nusu baadaye ya kwake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia kwa nini. Akajibiwa kwamba alichanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akalikubali jibu, kama wengi wetu tungelikubali. Baadaye akiwa Tanga mjini akakuta wauza aiskrimu wanafanya hivyohivyo kila siku, wanaweka ya moto makusudi kwa sababu yanawahi kuganda, na hakuna hata mmoja aliyeona kuna ajabu. Hapo swali likafufuka. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, wakawa wanasoma kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akabishana naye kidogo, mwisho akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu.

Ukisoma simulizi yake mwenyewe utaona kilichofuata. Tangu siku ile, akikosea hesabu, darasa lilikuwa na mzaha tayari: hiyo ni hesabu ya Mpemba. Kila alichokosea kikawa ni cha Mpemba. Nadhani kila aliyesoma shule za huku anaujua mzaha wa namna hii, na anaujua kutoka upande upi. Mimi nilikuwa upande wa wanaocheka, mpaka siku ulipogeuka ukanikuta.

Kijana angeweza kunyamaza. Badala yake, siku moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi na hakuna mwalimu, akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja ya maji ya moto, moja ya maji ya bomba, akaziingiza kwenye friji. Kisha shule ikatembelewa na Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu kule Dar es Salaam. Wenzake waliuliza maswali ya kistaarabu, ya namna ya kupata nafasi chuoni. Mpemba akasimama. Ukichukua vyombo viwili vinavyolingana, kimoja kina maji ya nyuzi 35 na kingine ya nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Darasa likacheka. Osborne naye akatabasamu, akamwomba arudie swali, akamuuliza kama kweli amelifanya hilo kwa mikono yake. Amelifanya. Basi mgeni akasema hajui, ila atakaporudi Dar es Salaam atajaribu. Alikiri baadaye kwamba moyoni alidhani kijana amekosea. Wenzake Mpemba walipotoka nje walimwandama kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni, na mmoja akamuuliza hivi hata ile sura ya Newton uliielewa kweli? Akajibu kwamba nadharia na vitendo ni vitu viwili tofauti.

Kule Dar es Salaam, Osborne alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Nimeisimulia sentensi hii kwa watu wengi, na nusu yao hawacheki mpaka niirudie. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education. Jambo lenyewe, ambalo Aristotle na Descartes waliwahi kuligusia karne nyingi nyuma, sasa duniani kote linaitwa kwa jina la yule mvulana. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayelieleza vizuri zaidi, yakaja maelezo zaidi ya 22,000. Mwenyewe alishakwenda kusomea mambo ya wanyamapori kwenye chuo cha Mweka na kufanya kazi hiyo ya wanyamapori.

Huwa tunaisimulia habari hii kama ya kijana aliyekuwa sahihi na walimu waliokosea. Inapendeza, lakini haiko hivyo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia vipimo kwa makini, wakiangalia muda wa maji kushuka hadi nyuzi 0, na hawakuona ushahidi wa maana kwamba ya moto yanatangulia. Walionyesha pia kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini, unaweza kupata "athari ya Mpemba" ambayo haipo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser huko Kanada, wakaja na jaribio la chembe ndogo sana ndani ya maji ambapo mfumo uliokuwa na joto zaidi kweli ulitangulia kupoa. Mjadala uko hai, na mimi si mtu wa kuuamua.

Kwa hiyo inawezekana kabisa yule mwalimu alikuwa na haki ya kutilia shaka. Kosa lake lilikuwa kutolifungua friji. Lilikuwepo, maji yapo, saa moja na nusu ingetosha. Alichagua kumlinda Newton dhidi ya mtoto wa kidato, kana kwamba Newton anahitaji ulinzi. Na darasa zima, kwa kicheko, likajifunza siku ile somo ambalo halikuwa kwenye muhtasari: usiulize kitu ambacho huna uhakika nacho.

Majina tunayopeana shuleni yanafanya kazi hiyohiyo. Kilaza hathubutu kuuliza kwa sababu atathibitisha anachosemwa. Hilo tunalielewa. Tunachokisahau ni kwamba kipanga naye hathubutu, tena yeye zaidi, maana ana cheo cha kupoteza. Nimesoma na vipanga wawili watatu ambao kwa miaka minne sikuwahi kusikia swali kutoka midomoni mwao. Waliuliza wakiwa peke yao, usiku, kwa kujificha, kama watu wanaokwenda kwa mganga. Ongeza hapo kwamba swali lenyewe sekondari inabidi liulizwe kwa Kiingereza. Mtoto ana swali lililokamilika kichwani, anaanza kulitafutia kitenzi, kengele inalia.

Sasa nilipe deni langu. Kidato cha nne hesabu nilipata F, na kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nasema "mimi na hesabu hatupatani" kwa sauti ya mtu anayetaja kabila lake. Niliitumia kuchagua michepuo, kuchagua kazi, hata kumsukumia mke wangu hesabu za nyumbani. Kisha kikundi chetu cha kuweka na kukopa kikanichagua mweka hazina, kwa hoja kwamba mwandishi anajua kalamu. Mwanachama mmoja alikuwa amekopa laki tatu na kurudisha theluthi mbili. Nilibaki nimeishika simu yenye kikokotoo mkononi, sijui nibonyeze nini. Nikamwita kijana wa duka la jirani.

Aibu ile ilinipeleka kwa wauza vitabu vya mitumba, nikanunua vya hesabu vya shule ya msingi, nikaanza kurudi nyuma. Darasa la saba, sielewi. La sita, sielewi sana. La tano, sura ya sehemu, nikasimama. Nusu gawanya kwa robo. Kanuni niliikumbuka: geuza halafu zidisha. Jibu, 2. Lakini 2 kivipi? Unagawanya kitu kidogo unapata kikubwa? Nilikaa nalo mpaka asubuhi, mke wangu alipoweka chapati mezani. Nikaikata nusu, nikaiangalia ile nusu, nikajiuliza humu ndani mna robo ngapi. Mbili. Ni hilo tu walilokuwa wanauliza. Nilikula chapati ile kwa hasira.

Nikakumbuka pia. Darasa la tano niliugua malaria wiki mbili. Niliporudi wenzangu walikuwa wameshaziacha sehemu, wako kwenye desimali. Mwalimu akaniita ubaoni, nikashindwa, darasa likaangua kicheko, nikakaa. Wiki mbili za homa, basi. Miaka yote ile nilidhani nimegonga dari, kwamba kichwa changu kinaishia pale. Kumbe nyuma yangu kulikuwa na shimo dogo ambalo sikuwahi kugeuka kulitazama, na kila nilichojenga juu yake kilididimia. Shimo linazibika. Dari ndiyo inakufanya utafute mchepuo mwingine.

Sitaki mtu anielewe vibaya, maana soko la maneno matamu ni kubwa siku hizi. Kuna wahamasishaji wanajaza kumbi wakituambia hakuna lisilowezekana, amini tu, na mfano wao mkuu ni Eliud Kipchoge na kauli yake kwamba hakuna binadamu mwenye kikomo. Kauli wameichukua, kazi wameiacha. Mei 2017, kwenye uwanja wa magari wa Monza, Italia, Kipchoge alijaribu kukimbia marathoni chini ya saa 2 akapata 2:00:25. Alizidiwa kwa sekunde 26. Kama imani ingetosha, ingetosha siku ile. Alirudi Oktoba 12, 2019, Vienna, akapata 1:59:40, kwenye barabara tambarare iliyochaguliwa kwa makusudi, gari likimulika mistari ya leza mbele yake, na wakimbiaji 41 wakipokezana kumkinga upepo, na ndiyo maana haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Na ni mtu anayejulikana kwa kuandika mazoezi yake kwenye daftari, mwaka baada ya mwaka. Unapokuwa na daftari kama hilo unajua sekunde zako zinapotelea wapi. Asiyenalo ana kaulimbiu kwenye fulana.

Mipaka ya kweli ipo. Mimi kwa umri huu sitakuwa mhandisi wa ndege, na sina kinyongo. Ila sikuwa na haki ya kusema hesabu zimenikataa kabla ya kujua ni hesabu ipi, ya darasa la ngapi, ukurasa gani. Nimeanza kuwauliza watu swali hilo wanaponiambia hawawezi kitu, Kiingereza, kompyuta, kuendesha gari. Umekwama wapi hasa? Wengi hawajui. Hawajawahi kufika mahali penyewe walipokwamia, waliishia kwenye lile jina.

Nirudi kwa mpwa wangu. Usiku uleule nilimwambia aache Kiingereza, anieleze kwa Kiswahili. Akashtuka, kama nimemruhusu kuvaa kandambili darasani. "Si mpitisho, myuko na mnunurisho?" akasema, ndizo njia tatu za joto kusafiri, na ghafla yakaanza kutoka: kwa nini kijiko cha bati kilichosahauliwa kwenye sufuria kinaunguza na mwiko wa mbao hauunguzi, kwa nini moto wa kuni unakuchoma usoni ukiwa umekaa pembeni. Hakuyapata yote. Myuko aliukosea, nikamwacha aukosee, kisha tukafungua daftari pamoja. Siku zilizobaki tukawa tunafanya hivyo: kwanza karatasi tupu, daftari baadaye, na kila siku nikimchomekea swali la juzi bila taarifa. Siku ya pili alinuna. Alisema afadhali kusoma kawaida, huku anajiona hajui kitu.

Jumapili nikamsimulia habari ya Magamba. Alidhani namtania. Tulichukua vikombe viwili vya plastiki vinavyolingana, kimoja tukatia maji ya birika, kingine ya bomba, tukaviingiza kwenye friza ya mama yake mdogo, ambaye alilalamikia umeme kila tulipofungua mlango kuchungulia. Baada ya saa moja na dakika kumi, cha maji ya bomba kilikuwa na barafu pembeni. Cha maji ya moto, hakuna kitu. Nilimwona akikunja uso, nikafikiri ataniambia ndiyo hivyo, mwalimu wa Mpemba alikuwa sahihi.

Akaingiza mkono ndani, akapapasa chini ya vikombe. Cha bomba kilikuwa kimekaa juu ya mfuko wa samaki walioganda. Cha moto kilikuwa juu ya waya mtupu.

"Mjomba, havikukaa sawa hivi," akasema, akaanza kuhamisha samaki wa mama yake mdogo. "Chemsha maji mengine."